Kifua cha Saidi

Baba Saidi mume wangu, salamu nyingi. Mama mkwe shikamoo, magoti yanaendeleaje? Zuhura mwanangu hujambo, Juma hujambo, na jirani yetu Mama Tatu msalimie, mwambie chumvi yake sijaisahau. Mie mzima, ila huku Chanika mvua haikatiki.

Kazini kwa mwanetu nimefika. Wanaleta maranda ya mbao kutoka kwa maseremala wa Keko, Saidi anayakaanga kwenye pipa kubwa kama karanga mpaka yanakuwa meusi, kisha mashine inayashindilia yawe vipande vidogo vya mkaa wa kupikia. Nikasema, "Mbona kama mavi ya mbuzi?" Wenzake wakacheka, "Mama, mavi haya hayatoi moshi!" Na kweli, tumepikia maharage, sufuria haikushika hata masizi.

Lakini lile pipa linafuka, Baba Saidi. Mtoto analisimamia kutwa, kitambaa puani, na anakohoa. Ni kikohozi chako kabisa, kile kinachoanzia chini. Tulimtoa kwenye tanuri lako la mkaa kwa ajili ya kifua, nimemkuta kwenye moshi mwingine. Namwambia aache, ananijibu, "Mbona baba bado anachoma?"

Jibu unalo wewe. Lizime hilo tanuri, mume wangu, halafu mwandikie mwenyewe kwamba umelizima. Fanya upesi, barua inikute bado niko naye. Mungu akulindie hicho kifua.

Mkeo, Mama Saidi