Alhamisi Saba za Mchungaji wa Mashuka

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu kifua chako kilipokataa ukatuacha. Tangazo hili la kumbukumbu yako nimeshika kalamu mwenyewe, mimi mama yako. Shule yangu iliishia darasa la tatu, tena si jana, kwa hiyo utanivumilia. Binti yako alitaka kuniandikia, nikamwambia acha, haya ni ya kwangu.

Miaka ishirini na sita ulifua mashuka ya hospitali. Ulirudi nyumbani vidole vimekunjamana kwa maji, unanukia sabuni na pasi. Wenzako walikuita Mchungaji wa Mashuka kwa kuwa hukukunja shuka bila kumwombea atakayelilalia. Yule mwenzako wa pasi alikutania, "Mchungaji, fupisha basi, mgonjwa atapona kabla hujasema amina." Nawe ukamjibu, "Kwani mimi naomba nini, shemeji?"

Kitu cha mtu hakikupotea mikononi mwako. Yale meno ya bandia uliyoyakuta ndani ya foronya uliyazungusha wodi hadi wodi mpaka ukampata mwenyewe. Mzee akakutazama, akasema, "Umechelewa, kijana. Nyama nimeshaimeza nzima nzima." Ulitusimulia huku unafuta machozi ya kicheko, na marehemu mkeo akasema habari za meno ziondoke mezani.

Watu wanasema ulikuwa mpole. Ni kweli. Lakini leo nina jambo, na wanaosoma wanisamehe.

Kabla ya kazi ile ulitaka kwenda chuo cha Biblia. Hukuwa na hakika. Uliniambia, "Mama, sitaki kwenda kwa kupenda kwangu. Nataka nijue kama Mungu amenituma." Kikundi chetu cha maombi kina utaratibu wake: mwenye swali kama hilo huombewa Alhamisi saba, na siku ya saba kila mmoja husema alichosikia moyoni. Tulikaa chumba cha mbele. Wawili walisema hawakusikia kitu. Wa tatu alisema usiharakishe. Ikafika zamu yangu, nikasema, "Bwana amenionyesha kuwa ubaki."

Mwanangu, Bwana hakunionyesha kitu. Wiki saba nilipiga magoti, nikasikia magoti yenyewe tu. Baba yako alikuwa ametangulia, dada yako ameolewa mbali, nami niliitazama nyumba ya vyumba vitatu nikajiona ndani yake peke yangu. Woga wangu nikauita sauti ya Mungu. Ukanishika mkono ukasema, "Asante, mama. Sasa nimetulia." Jumatatu ukaenda kuomba kazi ya kufua.

Nafasi ya kukwambia nilikuwa nayo miaka yote hiyo. Kila siku nilisema kesho. Hata wiki ile ya mwisho, pumzi ikikatika, uliniuliza, "Mama, unafikiri nilifanya alichotaka?" Nikakuwekea sawa mto, nikasema pumzika, baba.

Msibani walinifariji kwamba wito wako ulikuwa pale pale kwenye mashuka. Labda. Mungu hashindwi na uongo wa bibi kizee. Lakini faraja hiyo inanifaa mimi kupita kiasi, ndiyo maana naishika kwa vidole viwili tu.

Nimechoka, baba. Hata kuomba nimechoka. Siku nyingine nasema "Bwana" halafu sina la kuongeza, nakaa tu kitandani mpaka miguu ife ganzi. Zamani nilikuwa na maneno mengi, na masikio sikuwa nayo.

Sasa binti yako naye ameomba Alhamisi zake saba. Kuna shule ya watoto viziwi, mwendo wa siku mbili, inatafuta mwalimu, naye anataka kujua kama ametumwa. Nyumbani tumebaki mimi na yeye tu, unajua. Sita zimekwisha. Juzi tukiosha vyombo akaniuliza, "Bibi, umesikia chochote?"

"Ngoja siku yake."

"Unanificha kitu."

"Nikufiche nini, mke mwenza? Sugua sufuria."

Alhamisi ijayo, zamu yangu ikifika, nitasema hivi, na nimeandika hapa mbele ya watu ili nisigeuke: bibi yako hakusikia kitu. Alichosikia ni woga wa kuachwa, na huo si Mungu. Kisha nitamwambia nililomfanyia baba yake. Akilisoma hapa kwanza, basi. Akienda, nitamfungia mzigo kwa mikono yangu. Akibaki, isiwe kwa neno langu.

Nisamehe, mwanangu.

Unakumbukwa na binti yako, dada yako na mumewe pamoja na watoto wao, wenzako wa chumba cha kufulia, kikundi cha maombi cha Alhamisi, na mimi mama yako. Wao watakukumbuka daima. Mimi kila siku niliyobakiziwa.