Maua ya Kofia za Mama

Ibra, Ijumaa, Machi 2008. Mawingu tangu asubuhi, mvua haijanyesha. Nyumbani kwetu mawingu hatuyapendi.

Utafiti wangu wa chuo kule Nizwa unauliza kitu gani kinamfanya mtu abuni. Vitabu vinataja utulivu, uhuru, kutiwa moyo. Nilidhani Mama atakubaliana navyo. Kofia anazodarizi zinatafutwa mpaka mji wa Sur, kwa sababu hakuna mbili zenye maua ya kufanana.

Leo baada ya chakula nikamuuliza, kalamu mkononi: maua mapya huyatoa wapi?

Akaendelea kutia sindano.

"Zamani nilikuwa naiga," akasema. "Unguja nilimwiga mama yangu. Nilipovuka bahari kuja huku Ibra nikaiga majirani. Hujui?"

Sikujua.

"Kubuni nimeanza mwaka ule wa wadi."

Mwaka ule maji ya wadi, lile bonde kavu linalofurika ghafla mvua ikinyesha milimani, yalimchukua mdogo wangu akirudi kutoka skuli. Alikuwa na miaka tisa. Tangu hapo jina lake halitajwi humu ndani.

"Maua niliyoyazoea, mkono unashona wenyewe," akasema Mama. "Roho inakaa haina kazi, inarudi kule kule majini. Namsikia ananiita. Lakini ua nisilolijua lazima nilifikirie kila kitobo. Nikifikiri, simsikii. Nikishalizoea, khalas, halinifai tena. Natafuta jingine."

Kofia zote zile.

Miaka yote watu wanazisifu, na mimi nazisifu pamoja nao.

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, hili sitaliandika.

"Liandike, mwanangu. Mwambie mwalimu wako, wallahi, ningependa nibaki naiga mpaka nife. Na jina la mdogo wako uliandike. Salim."

Alilitamka polepole, kama mtu anayejaribu kusimama baada ya maradhi marefu. Kisha akainamia kazi yake. Mimi nikatoka uani nikalia.

Sasa niko mbele ya kompyuta. Kwenye jedwali la sababu za ubunifu nimeandika "Salim", nikafuta, nikaandika tena. Nimeliacha hapo, chini ya utulivu na uhuru.

Hivi kweli, ndugu yangu ni sababu?