Pikipiki Iliyolala Kwenye Kona ya Ngorongoro

Kaka Elia, shikamoo.

Natangaza rasmi kwamba suruali yangu ya kaki imerudi Karatu ikiwa safi kuanzia magotini kwenda juu. Ya shemeji Gabrieli sitaisemea.

Jana tulipanda Ngorongoro kwenye ukungu, tope jekundu likiteleza kama sabuni. Pikipiki yangu nyepesi ya silinda mbili ilipanda taratibu. Ile yake kubwa ikalala kwenye kona. Tukaivuta wawili, haikuinuka. Akaja morani mmoja aliyekuwa akichunga, akaishika kwa nyuma kama wanavyomwinua ng'ombe aliyedhoofika kiangazi, nasi tukashika pembeni, ikasimama. Akamuuliza shemeji, "Huyu akilala kesho, mwenyewe utamwinua?" Shemeji akaitazama yangu, akawasha yake tukashuka Karatu.

Kaka, pikipiki yako ni kama yangu: mlima inapanda, na ikianguka unaiinua peke yako. Jumamosi usiibadilishe, kama ulivyopanga, na lile dude kubwa la bwana afya, linapendeza kwenye lami tu. Nisubiri nije tuongee.

Mdogo wako Naftali anawasalimu wote, na mama nimemwekea asali ya huku. Ningeondoka leo hii, ila Karatu hakuna petroli.