Kaburi la Mzee wa Kwenye Noti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Karatu
Tarehe: 19/03/2025, saa 4:10 asubuhi

Jina: Marsela Gwandu Bura
Umri: miaka 59
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: mkulima, pia mpishi wa nyumbani
Makazi: kitongoji cha juu, mpakani na msitu wa Ngorongoro

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimejileta mwenyewe, sikukamatwa, na naomba hilo liandikwe. Ni kweli nilimzika mzee Fabian bila kibali, na nilimzika peke yangu.

Mzee huyo alikuja kwetu mwaka 2017 kutoka nchi ya nje, ambayo afande ameshaiandika kwenye jalada. Alipanga nyumba karibu na msitu. Tulimjua kama mstaafu tu. Nilimpikia na kumfulia. Nilimwambia kwetu asiyezika hazikwi, na neno hilo alilishika kwelikweli, hakukosa msiba hata mmoja. Mwezi wa nne 2019 alipofariki mume wangu Yohani, mvua ilikuwa kubwa. Mzee alichimba tangu asubuhi mpaka kaburi likaisha, tope magotini, naye umri umeshapita sitini.

Mnamo tarehe 10/02/2024, saa 8 mchana, tulikuwa msibani kwa jirani. Dereva wa lori la vitunguu kutoka Mang'ola alimkazia macho mzee. Kisha akatoa kwenye pochi noti ya zamani ya nchi anakopeleka mizigo. Uso wa kwenye noti ulikuwa wa mzee Fabian, bado kijana, amevaa kofia ya jeshi. Noti ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Clemensi, jirani yangu. Mdogo wake Piusi, fundi wa malori yaendayo huko, alikamatwa na askari wa nchi hiyo mwaka 2009, na hata mwili hatujauona mpaka leo. Clemensi akauliza mbele ya watu, "Piusi yuko wapi?" Mzee akajibu, "Sijui. Walikuwa wengi."

Jioni ile nilimtaka aniambie yote. Alisema alikuwa kapteni, akateka redio ya taifa alfajiri na askari arobaini, akawaahidi wananchi kwamba atatawala miaka miwili tu. Akakaa kumi na saba. Katikati alivua gwanda, akaunda chama, akagombea, akapata kura tisini na nane kwa mia. Nikamuuliza, na wale wawili waliobaki? Akasema, "Walitafutwa." Nilicheka nikidhani ni utani, kisha nikaona yeye hacheki. Mwishowe alipong'olewa madarakani, mlinzi wake mwenyewe alimfikisha uwanja wa ndege akamwambia, "Mzee, shuka, gari ni la serikali."

Jumuiya ikakaa ikakata shauri kwamba misibani kwetu asije, na msibani kwake hatutakwenda. Mimi niliendelea kumpikia, na watu wakaacha kunisalimia. Nilimchukia pia, sifichi. Siku nyingine nilipunguza chumvi makusudi. Lakini mtu aliyemchimbia mumeo kwenye tope humwachi alale na njaa.

Mnamo tarehe 13/03/2025, saa 1 asubuhi, nilipeleka uji nikamkuta kitandani amefariki, mwili umepoa. Hakuwa na jeraha. Nilikwenda kwa mwenyekiti wetu wa kitongoji, Remigius. Alikuwa anapalilia, hata hakuinuka. Alisema, "Mama, mimi sijasikia kitu." Nilizunguka nyumba tisa siku ile na ya pili yake kuomba wa kuchimba, hakuna aliyekubali. Polisi sikuja kwa sababu sikujua kama kukosa wa kukuzika ni jambo la polisi.

Tarehe 15/03/2025, saa 12:30 asubuhi, nilianza kuchimba nyuma ya nyumba yake. Kwetu mwanamke hashiki sululu ya kaburi. Nilishika. Watu walipita wakienda mnadani, hakuna aliyetoa pole. Saa 7 mchana Clemensi alikuja akasimama ukingoni. Nilidhani amekuja kunisaidia, nikamnyooshea koleo. Alitazama ndani akasema, "Hapo fisi wanamtoa. Ongeza." Akaondoka.

Nikaongeza mpaka saa 10. Nilimvuta mzee kwa blanketi, nikamshusha kwa kamba ya ng'ombe, akaangukia ubavu. Nikashuka kumnyoosha. Mle ndani nililia, na sikumlilia yeye. Nilijua kuanzia siku ile na mimi sina wa kunichimbia.

Leo nimeambiwa hapa kituoni kwamba serikali ya nchi yake inataka kumfukua, ikamzike kwao kwa heshima ya mizinga. Sina kipingamizi, ila waje na Piusi. Na kama hawana, wakishamtoa huyo wasilifukie shimo. Clemensi bado ana mtu wa kuzika.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya kwa mikono yangu. Sina la kupunguza.

Dole gumba la shahidi: ………

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Dorkasi. Nimemsomea shahidi, ameyakubali. Alipotakiwa kutaja mdhamini, alimtaja Clemensi. Clemensi alipigiwa simu saa 6:05 mchana. Alisikiliza, akakata. Shahidi yupo kwenye benchi.