Kamati ya Kompyuta ya Noela

Leipzig, Ujerumani
11 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake. Habari za hapo Ilemela? Goti la Mama linaendeleaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, ila baridi imeanza kunitafuna vidole.

Naandika kukuarifu, usije ukasikia kwa watu. Laptop yangu ya kazi imekufa Ijumaa. Niliiacha nikaenda kunywa chai, kurudi haiwaki. Fundi ameifungua akasema imeungua ndani, haitengenezeki. Kazi yenyewe unaijua: kampuni ya bima inatutumia madai ya wateja, sisi tunayahakiki tukiwa nyumbani, na mkataba unasema kila mmoja na mashine yake. Kuazima hairuhusiwi, wala kwenda maktaba, kwa sababu zile ni siri za wateja. Bosi amenipa hadi tarehe 25. Ikipita hapo kazi anapewa mwingine, na kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hiyo.

Lakini msiwe na wasiwasi. Kuna duka la mitumba karibu na kituo cha treni, nimepata moja nzuri ninayoimudu. Mwenye duka ameniwekea hadi Jumamosi. Nilitaka tu mjue.

Binti yako,
Noela


Ilemela, Mwanza
12 Novemba 2024

Binti yangu Noela,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo. Goti la Mama yako linatabiri mvua kuliko redio.

Nimesoma habari ya kompyuta mpakato. Hiyo ya mitumba usinunue. Mtumba ni shati, unalifua ukalivaa. Mashine ya mitumba hujui aliyeitupa ameikimbia kwa nini, na wauzaji wa huko hatuwajui. Mtoto wa Mwalimu Rwegasira hawezi kufanyia kazi ya Wazungu kwa kifaa walichokitupa Wazungu.

Nimeiweka habari yako kwenye grupu la ukoo na majirani. Noela, ungeona walivyopokea. Haikupita saa moja kamati imeundwa. Mzee Mihayo wa Buzuruga ndiye mwenyekiti, shangazi yako Leonsia mtunza hazina, mimi katibu. Tunakununulia mpya, na yule Yakobo wa jirani anasafiri kuja huko kusomea uuguzi, atakuletea. Mwambie mwenye duka asante, auze.

Baba yako


Leipzig
17 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote.

Nimefanya ulivyosema. Jana nilimwambia mwenye duka auze, na kabla sijafika mlangoni alikuwa ameshamwita mteja mwingine. Nilisimama nje nikajisikia mjinga, nakuambia ukweli.

Baba, sikuomba kamati. Najua mmefanya kwa upendo na walionichangia nawashukuru mmoja mmoja. Ila kwenye grupu nimeona picha za kikao cha kwanza na cha pili. Nimeona sato wa kukaanga, nimeona soda, nimemwona Mzee Mihayo amesimama anahutubia. Kompyuta sijaiona. Nimebakiwa na wiki moja, na kila asubuhi nakaa mbele ya meza tupu nikimwandikia bosi kwa simu kwamba iko njiani.

Naomba mninunulie yoyote ile, haraka, au mniambie haitawezekana nijue moja.

Binti yako,
Noela


Ilemela
24 Novemba 2024

Noela mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu, na shangazi pia. Tumshukuru Mungu tu wazima.

Usituharakishe kana kwamba tumelala. Kikao cha kwanza akidi haikutimia. Cha pili waligawanyika, wengine wanataka kioo kikubwa, wengine kidogo, Mzee Mihayo anataka yenye sehemu ya kuingizia sidii. Cha tatu kiliahirishwa, mwenyekiti alifiwa na mama mkwe huko Magu, na huwezi kumwacha mtu na msiba ukaenda dukani.

Basi, furahi. Jana tumeinunua Nyamagana, mpya, bado ina nailoni yake. Leo imepelekwa kanisani ikaombewa pamoja na Yakobo. Na ili isipate mshtuko, Mzee Mihayo amemwagiza fundi wake wa mbao atengeneze sanduku la mninga. Zuri mno, unaweza kuliachia wajukuu. Yakobo anaondoka Ijumaa.

Baba yako


Leipzig
25 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Nimempigia bosi magoti kwenye simu, ameniongezea hadi Jumatatu tarehe 2 Desemba, saa mbili asubuhi. Amesema hakuna nyingine.

Sanduku la nini, Baba? Laptop inabebwa kwenye begi la mgongoni. Tafadhali aitoe humo, aibebe mwenyewe mkononi. Naomba hilo moja tu. Na kama kuna lolote litakalokwama, uniambie mapema. Nitatafuta nyingine mahali popote kabla ya Jumapili, maana Jumapili maduka ya huku yote hufungwa.

Noela


Ilemela
29 Novemba 2024

Binti yangu,

Marahaba. Tumetoka uwanja wa ndege sasa hivi, Yakobo ameruka salama, Mungu ni mwema. Tulikuwa watu kumi na wanne kumsindikiza. Mzigo wako anao. Kulitokea mabadiliko madogo pale kwenye mizani, atakueleza mwenyewe mkikutana. Usiwe na shaka.

Baba yako


Leipzig
3 Desemba 2024

Baba,

Jumapili nilimpokea Yakobo kituoni. Nilimkumbatia kabla hata ya kumuuliza habari za safari, kwa furaha. Akafungua begi lake akanipa ndoo ya plastiki iliyofungwa kwa gundi. Senene. Ndoo nzima ya wale panzi wa kukaanga.

Ameniambia yote, maskini, huku ameinamisha kichwa. Kwamba mizani ilikataa, mzigo ukazidi. Kwamba sanduku la mninga lilikuwa zito na limepigiliwa misumari pande zote, na uwanjani hakuna nyundo. Kwamba ilibidi kitu kimoja kibaki, na Shangazi Leonsia akasema mtoto ana mwaka wa tatu hajaonja senene. Kwamba wote walikutazama wewe, na wewe ukasema, kompyuta zinauzwa hata Ulaya, senene atawapata wapi.

Zinauzwa hata Ulaya. Baba, si ndivyo nilivyokuandikia mimi? Si nilikuwa nimeshaipata, nimewekewa, nimebakiza kulipa tu? Ulinikataza. Halafu ukaniandikia mabadiliko madogo. Ungeandika neno moja la kweli siku ile ya Ijumaa, ningekuwa na Jumamosi nzima ya kutafuta.

Jumatatu saa mbili bosi alipiga simu. Nilimwambia haikufika. Unamwelezaje Mjerumani habari ya mizani na misumari? Kazi amepewa mtu mwingine. Kibali kinaisha mwisho wa Januari na bila mkataba hakirefushwi. Nimeuliza kila ofisi. Narudi nyumbani.

Nina hasira, Baba. Nina hasira na kamati, na Mzee Mihayo na mbao zake, na zaidi nina hasira na wewe. Nina hasira na mimi mwenyewe pia. Nililelewa kwamba mzazi akisema, unafuata, nami nikafuata. Ningekuwa mtoto mkaidi, leo ningekuwa kazini.

Senene nimewala. Ni watamu. Nimewala nikiwa nimesimama jikoni, nalia.

Noela


Ilemela
8 Desemba 2024

Noela,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Sikuitafuta.

Nilikaa kukuandikia utetezi. Niliandika habari za uzito, na foleni iliyokuwa nyuma yetu, na yule binti wa mizani aliyekuwa anatuharakisha. Nikampa Mama yako asome kabla sijatuma. Aliniuliza swali moja tu: kwani Noela alikuomba nini? Nikarudi kwenye simu, nikasoma ulichoandika mwanzo. Hukuomba kitu. Uliniarifu kwamba umeharibikiwa na umeshapata dawa.

Mimi ndiye niliyetaka ionekane kwamba Mwalimu Rwegasira ana watu, na mtoto wake akikwama ng'ambo ukoo unasimama. Umesimama kweli. Tumepiga na picha. Na ile Ijumaa nilijua pale pale kwamba nimekosea, kabla ndege haijaacha ardhi. Sikukuandikia kwa sababu niliona aibu, nikajidanganya kwamba utapata nyingine. Sina neno la kulifunika hilo.

Juzi Mzee Mihayo amekuja hapa. Anasema kamati isivunjwe, igeuzwe kuwa ya mapokezi yako, na ameshaongea na mtu wa spika. Nimemwambia hakuna mapokezi. Ameondoka bila kumaliza chai, na kwenye grupu hanisalimu. Shangazi yako naye amenuna. Waache.

Nitakuja uwanjani peke yangu. Nipe siku na saa, au mpe Mama yako kama mimi hutaki kuniambia. Hasira yako usiimalizie huko, njoo nayo. Yote uliyoyameza kwa sababu mimi ni baba yako, utayasema hapa sebuleni. Nitakaa nikusikilize mpaka umalize, na sitakuambia kwamba mtoto hasemi hivyo na mzazi wake.

Baba yako