Koti la Baba

Mugeta, Jumapili

Magesa mdogo wangu,

Mnaendeleaje huko Morogoro? Shangazi anakusalimu, anasema umemtupa.

Huku mvua haikatiki. Leo baada ya chai Shangazi kanitolea koti la Baba, lile la kahawia alilokuwaga analivaa hata shambani. Alikuwa kalifunga kwenye kiroba tangu mazishi, akisubiri mmoja wetu aje. Mgongoni limeota ukungu wa kijani cha majivu, unafanana kabisa na ule ninaoukuza maabara, ule uliomwingia Baba mapafuni baada ya TB. Niliziba pua. Shangazi alipotaka kulikung'uta nikapiga kelele, "Acha!" Akaumia, akadhani nakataa nguo ya marehemu.

Ikabidi nimweleze kwamba ukikung'utwa, vumbi lake tutalivuta mapafuni. Rangi ile ndiyo inayoukinga ukungu, askari wa mwili wakashindwa kuumaliza. Sisi kule maabara tuliharibu jeni moja inayotengeneza rangi, ukaota mweupe kama unga, na askari wakaumeza kirahisi.

"Huo mweupe uko wapi?"

"Uko maabara tu, Shangazi."

Akalitazama koti. "Basi kaka yangu alikutana na huu wenye rangi."

Akawasha moto mwenyewe, tukalichemsha koti kwa sabuni kwenye sufuria kubwa. Sasa limekauka juu ya jiko. Nakuletea, mabega yatakutosha. Kula vizuri, na usilale na nguo mbichi.

Ila unisamehe, Magesa. Ulinisihi nikiliona nilinuse kwanza, kwa niaba yako. Sikuthubutu, na sasa linanukia sabuni tu.

Dada yako,
Wegesa