Mivumo Ndani ya Mabomba

Nyumba ya kona, chumba cha uani
Jumapili, 14 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Mgongo wa wifi yangu unaendeleaje? Na kitindamimba wenu, meno yameshachomoza? Sisi ni wazima. Mimi cherehani inanimaliza macho, lakini mguu bado unakanyaga. Baba sasa anatembea bila kushikwa, ila mkono wa kulia haujakubali kushika kitu tangu kile kiharusi.

Zile kokwa nne za mvumo, ule mti mrefu wa jamii ya mnazi, ulizompa yule muuguzi wa kliniki atuletee mwaka jana, zilifika salama. Nilimwekea baba mbele yake, nikamwambia zimetoka kwako. Akazitazama, akazisukuma kando. Nikajua bado ana kinyongo cha siku ile uliyokataa kazi ya bomba, naye akakuambia ukiondoka usirudi.

Siku ya tatu nikasikia msumeno uani. Kutoka, namkuta anakata kwa mkono wa kushoto lile bomba pana la maji machafu lililobaki kwenye kazi yake ya mwisho. Nikataka kumsaidia, akanikatalia. Kumbe alikuwa ameshamuuliza muuza miche, akaambiwa mvumo hauanzi kwa kwenda juu. Hushusha chipukizi ardhini, urefu wa mkono mzima, kabla ya kutoa jani, na ukilikata hilo wakati wa kuhamisha, mche umekwisha. Ndoo au kopo havifai.

Basi alipasua kila kipande cha bomba kwa urefu, akakifunga tena kwa waya, ili siku ya kuhamisha afungue waya tu, udongo utoke mzima. Fundi bomba ni fundi bomba, hata umpe mti.

Aliyasimamisha mabomba manne ukutani penye jua, akajaza udongo uliochanganywa na mchanga, akalaza kokwa juu, nusu ndani nusu nje. Maji kidogo kila asubuhi. Ikapita miezi minane, hakuna kitu. Majirani wakamtania kwamba anamwagilia mabomba ili yazae mabomba madogo.

Sasa nikuungamie, mdogo wangu. Asubuhi moja baba akiwa kliniki, uvumilivu ulinishinda. Nikafukua bomba la mwisho nikidhani kokwa imeoza. Chipukizi jeupe, nene kama kidole, likakatika mkononi mwangu. Lilikuwa limeshuka karibu lifike chini, na sisi juu tunaliona limekufa. Nililia peke yangu pale uani. Aliporudi nikamweleza yote.

Hakunigombeza. Alikipokea kile kipande cha chipukizi kwa mkono wa kushoto, akasema taratibu, "Nami nilidhani kijana akinyamaza, ndiyo ameshanitupa."

Niliona hakuwa akisema na mimi.

Mwezi uliopita bomba la kwanza lilitoa jani, gumu na lililokunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Wiki hii la pili likafuata. La tatu bado, na safari hii sikulisogelea. Muuza miche anasema iliyotoa majani ipelekwe mapema mahali pake pa kudumu, kabla mizizi haijabanwa.

Baba amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha sipunguzi neno. Anasema hivi: "Mwandikie kwamba siku ile nilikosea mimi. Mvumo mmoja ni wake, lakini sitamchagulia pa kuupanda. Aje achague mwenyewe."

Nimeandika kama alivyosema. Sasa ameingia ndani kufuta uso, anadai ni vumbi.

Mjomba mchomeleaji anakusalimu sana, na shangazi anauliza mbona picha hamtumi. Wabusu watoto wote kwa niaba yangu, na wifi mwambie chumba cha mbele nimekwisha kukifagia.

Mungu awalinde mnapolala na mnapoamka, awape afya na nauli.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni kwangu.